Tumbo si Sufuria

Jumatatu, 4 Novemba

"Tumbo ya mutoto ni sufuria. Ikichafuka, unaiosha." Maneno ya mkwe wangu, Mama Kashindi, jana, mezani kwangu, akila ndagala zangu, dagaa wa ziwani. Mwanawe Kashindi ndiye aliyemuoa binti yangu Mapendo. Ametoka kijijini kwao Runingu kumwona mjukuu wetu Riziki, na mfukoni amekuja na ule mpira mwekundu wenye mdomo mwembamba. Anataka kumwosha mtoto tumbo kwa maji ya majani na pilipili, kupitia nyuma. Mtoto bado ananyonya. Haumwi.

Upuuzi. Sufuria haili. Bugali ninaotafuna asubuhi hii unaanza kuwa mtamu mdomoni kwa sababu mate yameshaanza kuugeuza sukari. Tumbo litausokota ndani ya asidi. Utumbo mwembamba utaumalizia: nyongo kwa mafuta, maji ya kongosho kwa vilivyobaki, kisha vinyweleo vya ukuta wake vitanyonya chakula na kukitia kwenye damu. Mpira haufiki huko. Unaishia utumbo mpana, ambao kazi yake ni kuurudishia mwili maji. Unauchoma bure.

Nilimweleza yote haya. Alimtazama mke wangu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimesema redioni, ninakofundisha mambo ya afya. Kipindi kizima. Jina sikutaja. Nilisema tu "bibi mmoja wa Runingu anayeosha matumbo asiyoyajua." Nilikuwa mkali na nilifurahi.

Sokoni muuza ndagala alinipokea kwa kicheko. "Mwalimu, leo umekula mukwe wako mubichi. Hata chumvi hukutia." Wanawake wote wa meza ile wakacheka. Nami nikacheka.

Vumilia, mke wangu, hakucheka. Kwake mkwe hasemwi vibaya hata akiwa mbali, sembuse redioni. Amenipakulia chakula na kwenda kula jikoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama Kashindi amerudi kwao. Mapendo na mtoto wameenda naye. Mkwe wangu Kashindi alikuja kunieleza, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mama yake ameumia. Desturi inajulikana: niende Runingu na dumu la kasiksi, nikae chini, niombe radhi, tunywe. Mpaka hapo hakuna wa nyumba yao atakayekanyaga kwangu.

Nimekataa. Pombe ya ndizi kwa kusema ukweli? Ukweli hauombi radhi.

Kashindi alisema, "Sawa, baba," akavaa kofia, akaondoka.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua usiku kucha. Visima vya bondeni vimejaa maji ya matope, wanasema. Vumilia amenunua dumu la kasiksi na kuliweka kando ya mlango. Hatujazungumza juu yake. Nalizunguka nikitoka.

Jumanne, 12 Novemba

Mapendo amepiga simu. Riziki anaharisha tangu jana asubuhi. Maji matupu.

Nilimwambia: mpe maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kidogo, kwa kijiko, bila kuchoka. Usiache kunyonyesha. Utumbo mgonjwa unavujisha maji, lakini mlango mmoja haufungwi: sukari na chumvi zikifika pamoja ukutani, huingia, na maji huzifuata. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza vizuri hivyo.

"Mama mkwe amekataza maji," alisema. "Anasema yanaongeza kuhara. Amemuosha kwa mpira mara mbili."

Nikamwambia abishane. Asikubali.

"Baba, huku sina sauti. Kila nikisema kitu wanasema ni redio. Sauti yangu weye umeimaliza."

Nimeondoka na pikipiki ya kwanza niliyoiona. Dumu nimelisahau mlangoni. Kizuizi cha kwanza barabarani, subiri. Kizuizi cha pili, subiri tena. Kisha matope. Naandika haya kibandani, kando ya barabara, dereva akisafisha mnyororo. Naogopa.

Jumatano, 13 Novemba

Nilifika jana jioni. Macho ya Riziki yamezama. Utosi umeingia ndani. Nilifinya ngozi ya tumbo lake ikabaki imesimama. Analia bila machozi.

Nilimbeba. Mapendo alinifuata. Mama Kashindi naye akafuata, miguu mitupu, mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani. Mishipa yote imelala. Tukaanza kumpa maji kwa kijiko. Alimeza. Alimeza tena. Baadaye maji yakawa yanatoka pembeni mwa mdomo.

Riziki amefariki kabla jua halijachomoza.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumezika.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimerudi Runingu na dumu. Vumilia amekuja nami. Nilikaa chini, juu ya mkeka. Mama Kashindi alinywa kidogo, akanipitishia kikombe, nikanywa.

Baadaye alisema, "Miye nilikuwa naona uchafu inatoka. Nilisema, acha itoke yote."

Nikamwambia kilichokuwa kinatoka ni maji ya mtoto mwenyewe. Kwa sauti ya chini. Nilimwonyesha kwa kitambaa kilicholowa, nikakikamua. Alikishika muda mrefu.

"Ungenionyesha hivi mezani kwako," alisema.

Ndiyo.

Nimemsomea maneno ya kipindi cha kesho. Mwanzoni niliandika "tupeni mipira yenu." Alikataa. Hakuna bibi atatupa kitu yake kwa ajili ya redio, alisema. Sema waiweke chini. Sema umetumwa na mimi, taja jina yangu.

Nimeandika upya, naye ameketi pembeni.

Mabibi wa Runingu, wa Luberizi, wa Uvira yote, Mama Kashindi amenituma kwenu. Mtoto akiharisha, wekeni mpira chini. Chemsheni lita moja ya maji, yapoe, mtie vijiko vidogo sita vya sukari, visijae kupita ukingo, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpeni kidogo kidogo. Mama yake aendelee kunyonyesha. Na msingoje macho yazame: mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo, hata kama mmegombana na wakwe zenu.