Isidore na Aneksi Yake ya Nne

Shituru, Likasi
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa Yaya Doudou, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za Durban, habari za kazi ya bandarini, habari za Suzanne na watoto? Goti lako linaendeleaje na ile baridi ya bahari? Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia, anakula vizuri na bado anakwenda misa kwa miguu yake. Mimi cherehani inanilisha, ila macho yameanza kunisumbua nikishona kwa uzi mweusi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Isidore ndiye bwana mkubwa wa kundi letu la familia kwenye simu, na tangu Julai amenitoa, eti navunja watu moyo. Nikikupigia, unasema uko kazini. Basi barua hii anakuletea Ibrahim, mtoto wa Mama Kadidja jirani yetu, maana lori lake linapeleka shaba mpaka huko kwenu. Mpe chakula cha moto kabla hujaisoma.

Nianze na habari za mdogo wetu. Siku hizi ni promoteur, eti mjenzi wa majumba ya kupangisha, amechapisha hadi kadi zenye picha ya ghorofa ambalo halipo popote Likasi. Huyu huyu Isidore aliyekaa miaka mitatu sebuleni akingoja kazi imfuate, huku Mama akimfulia soksi, leo akipita barabarani anatazama viwanja vya watu na kutikisa kichwa kama daktari.

Unaukumbuka lupango wetu, uwanja ule mpana aliotuachia Baba pamoja na nyumba aliyouziwa na kampuni. Tulicheza mpira mle na nafasi ya kuanika nguo ikabaki. Sasa Isidore amejenga mle aneksi tatu za kupangisha. Ya kwanza haina neno, ni chumba na sebule, na mwalimu anayeikalia ni mtu wa adabu. Ya pili imebanwa hivi kwamba mlango ukifunguliwa, hakuna anayepita ujiani mpaka ufungwe. Ya tatu dirisha lake linatazama ukuta wa choo, na promoteur anaiita studio.

Usije ukaambiwa kwamba nachukia wapangaji. Mji umejaa, watu wanakuja na kazi za migodi, nao lazima walale mahali. Ninayemdharau ni yule anayechukua uwanja wa mama yake, anaukatakata kama sabuni ya kipande, halafu anatembea kifua mbele kana kwamba ameusaidia mji. Na wewe pia, yaya, samahani, ulipotumiwa picha ya aneksi ya tatu uliandika chini yake "Courage, petit," eti ajikaze mdogo wako. Niliiona kabla sijatolewa.

Sasa nifike kwenye kilio cha Tantine Mbombo, kwa sababu najua ulichoambiwa. Uliambiwa kila kitu kilikwenda vizuri. Dada pekee wa Baba, mtu aliyetulea sote, alikufa Juni, na kilio kikawa kwetu kama ilivyo haki yake. Turubai halikupata pa kufungwa. Akina baba walikaa barabarani kwenye vumbi. Akina mama tulitandika mikeka ujiani, miguu imekunjwa, tukajigawa kila mmoja mbele ya mlango wa mpangaji. Bukari ya waombolezaji, ugali wote ule, ilipikiwa nje ya geti, wapita njia wakichungulia masufuria yetu.

Sanduku lilipoletwa kutoka mochwari ili tumuage, halikuweza kukata kona ya aneksi ya pili. Wanaume walijaribu hivi, wakajaribu vile, wakaliinamisha kidogo, na Mama akapiga kelele waache. Likabaki pale penye kona, juu ya viti viwili, mbele ya mlango wa mtu. Tukiwa katikati ya wimbo mlango ukafunguka, akatoka mpangaji na taulo begani na ndoo mkononi. Maskini, alitaka kuoga awahi kazini. Naye Isidore, badala ya kuona aibu, akaanza kuwasogeza waombolezaji: "Pardon, bamama, pardon, muachie papa apite!" Mtu na ndoo yake akapita ubavu kwa ubavu na Tantine. Nililia kwa hasira siku ile, na sijui kama machozi ya huzuni yalipata nafasi.

Nilipomwambia baadaye, alinijibu bila kuacha kuchezea simu yake: "Weye Josée, uko na wivu. Kilio iko siku tatu. Loyer iko kila mwezi." Ndiyo hesabu yake yote ya maisha, shangazi upande mmoja na kodi ya nyumba upande wa pili. Ndugu yetu, tumenyonya ziwa moja!

Sasa anataka ya nne. Imebaki sehemu ile mbele ya jiko, mahali Mama anapokaa asubuhi kuchambua mboga. Nimeipima kwa utepe wangu wa kushonea: mita saba kwa tano. Ndiyo nafasi ya mwisho ambapo watu wanaweza kukaa pamoja katika nyumba ya Baba. Matofali yameshashushwa, anataka kuchimba msingi kabla mvua hazijaanza. Anachongoja ni sahihi yako wewe mkubwa wetu. Atakutumia karatasi mwezi huu, na maneno matamu, na picha ya ghorofa.

Usimtegemee Mama kumkataza. Nilimwomba, akanijibu tu: "Umuache, mutoto iko najikaza." Nilimkasirikia, nikasema moyoni kwamba hajali. Nilikosea, na ndiyo sababu hasa ya kukuandikia.

Jumatatu Mama Kadidja alikuja kwangu, akakaa, akawa anafunga na kufungua fundo la kitenge chake. Nilidhani Ibrahim amepata ajali. Kumbe siku moja kabla, Mama, baada ya misa, hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara na kitambaa chake cha misa kichwani, akamkuta Mama Kadidja kiwanjani kwake, akasimama akikitazama pande zote. Kisha akamwambia: "Mama Kadidja, ile siku Mungu ataniita, utaachia batoto yangu hapa pako? Siye dini yetu iko ingine, najua. Lakini kwetu haina tena nafasi ya kunililia."

Mama Kadidja alimjibu ndiyo. Angejibu nini? Akaniambia: "Miye nilisema ndiyo, lakini haya ilinishika miye, siyo yeye." Mama alimshukuru, akarudi nyumbani, akampikia Isidore.

Yaya, mama yetu ana nyumba, ana lupango, ana watoto watatu wazima, na amekwenda kuomba pa kuliliwa kwa jirani. Hajamwambia yeyote kati yetu. Usimwambie kwamba unajua.

Usitie sahihi. Mpigie Isidore wewe mwenyewe, umwambie hapana kwa sauti yako, na matofali yarudi yalikotoka. Mimi neno langu kwake ni kelele za fundi nguo, lako atalisikia.

Nisalimie Suzanne, mwambie kitenge chake kiko tayari. Msalimie mwanao Rosalie na mitihani yake, na mdogo wake Franck. Mungu awafunike hapo mlipo, awape afya na riziki isiyo na aibu.

Na kama utatia sahihi, yaya, basi kwa kalamu hiyohiyo mwandikie Mama Kadidja, umshukuru kwa kiwanja.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,
Josée