Mlango wa Ukurasa wa Arobaini

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Wewe na mkeo hamjambo?

Riwaya yako ya kijasusi nimeimaliza. Zile mbio za mwanzo, chai ilipoa mbele yangu! Mapenzi ya katikati yamenichosha, wale wawili wanaongea mno. Na pale ulipoandika "Kwa Baba, aliyenifundisha milango", nimewaonyesha majirani wote mpaka wananikimbia.

Ila ukurasa wa arobaini umeniudhi. Yule anayekamatwa ni baba yako mdogo, nimemtambua hadi kikohozi. Kisha unasema walivunja mlango kwa teke moja! Mimi fundi wa vitasa miaka yote hii. Kitasa kile nilikifunga kwa mikono yangu, teke lisingekitikisa. Walifungua kwa ufunguo, taratibu, naye amelala. Parekebishe.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Sisi hatujambo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nyumbani siku zote mlituambia mlango ulivunjwa. Bibi alikufa akisema hivyo. Na ufunguo ulikuwa mmoja tu, baba mdogo hakuutoa mfukoni. Wao waliupata wapi?

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Natumaini mu wazima. Barua hii nimeichana mara nne.

Niliuchonga mimi. Walikuja dukani mchana, watu wawili wa usalama, wakasema wanataka kuongea naye tu. Hawakunigusa. Niliogopa, basi. Meno ya ule ufunguo nilikuwa nayo kichwani, nikamaliza kwa dakika kumi, nikaupiga tupa vizuri usije ukakwama. Asubuhi, alipokwisha kuchukuliwa, nikaenda na nyundo nikauvunja mlango mwenyewe, mama yangu asije akauliza.

Msaliti wako kitabuni analia. Mimi sikulia. Hapo napo parekebishe.

Nijibu, hata kwa matusi.

Baba yako

11 Februari

Mwanangu,

Hamjambo huko? Hii ni barua ya sita tangu ile ya Mei.

Jana nimenunua toleo la pili la riwaya yako. Ukurasa wa arobaini mlango unafunguliwa kwa ufunguo, na msaliti halii. Umepaandika vizuri, sina kasoro ya kukuonyesha. Nikarudi mwanzoni, pale palipokuwa na "Kwa Baba". Ni patupu.

Goti bado linauma.

Baba yako