Karatasi ya Purna

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza natangaza rasmi kwa wakazi wote wa wilaya yetu ya Lamjung kwamba mimi, Dilbahadur Ghale, miaka hamsini na mbili, nimenyoa masharubu, na mke wangu anasema nafanana na kiazi kilichomenywa. Utani wangu unaishia hapo. Miaka saba iliyopita nilikuwa msimamizi wa jikoni kwenye kambi ya jeshi la kigeni jangwani, chini ya kampuni ya mkataba, na ni mimi niliyekusanya pasipoti za vijana wetu nikisema, "Leteni niwatunzie, wadogo zangu," nikaikabidhi kampuni ikazifungia, na kijana mmoja, Purna, akaandika malalamiko kuhusu pasipoti kwa maofisa wa jeshi, akanitaja kwa jina, nikaitwa ofisini nikasomewa, karatasi ina muhuri wa kupokelewa, nikaulizwa afanywe nini, nikasema ahamishwe, akahamishiwa kazi ya nje juani, na huko joto likamuua. Sasa mama yake, Aama Jitmaya, na mwanasheria Anju wameishtaki serikali ya nchi yenye jeshi lile itoe mafaili, nayo inasema hakuna malalamiko yaliyowahi kupokelewa, na Anju anahitaji kabla ya Ijumaa kiapo cha mtu aliyeyaona, na aliyeyaona ni mimi peke yangu, na kila sikukuu ya Dashain Aama hunipaka tika ya baraka kwenye paji la uso akisema, "Ulimtunza mwanangu." Nifanye nini?

Dai Dilbahadur, kaka yangu,

Pole, maana mzigo huo ni mzito. Lakini acha kunizungusha, kaka! Unatafuta njia ya tatu, nayo haipo. Ukinyamaza, serikali itashinda kwa ulimi wako uliofungwa. Nenda kwa Aama leo, asije akayasikia mahakamani. Usibebe matunda, usilie kabla yake. Kisha nenda kwa Anju, utaje ofisi, mwezi na muhuri. Na utafute wakili wako mwenyewe.

Mshauri, nilikwenda. Nilianza kwa uongo, nikasema niliamrishwa kumhamisha Purna. Aama akaendelea kupepeta mchele. Nikarudia: nilisomewa malalamiko yake, hakuna aliyeniamuru, niliogopa kupoteza cheo. Ungo ukasimama.

"Aliandika kwa mkono wake?"

"Ndiyo, Aama. Kurasa mbili."

"Basi zipo."

Hakunisamehe, wala hakunitukana. Alijifunga shali, akatoka, akanisubiri njiani.

"Twende ukawaambie zilipo."

Alitangulia hadi kwa Anju bila kugeuka. Niliapa mbele ya Aama, nikataja ofisi, mwezi na muhuri.