Nilimkalisha Mtoto wa Shule Baa kwa Soda, Sasa Ananikwepa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamweleza mtu yeyote hapa Mikumi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nina baa yenye leseni kando ya barabara kuu, niliachiwa na mume wangu Ulimboka alipokwenda kwenye kazi ya kujenga reli, akaniandikia barua mbili kisha kimya, huu mwaka wa tatu, wala sijui niseme nina mume au sina, na mtoto Mungu hakunijalia. Mchana wateja ni wachache, nilikuwa nashinda peke yangu nafuta meza ambazo hazijachafuka, mpaka alipoanza kuja Paulina.

Paulina ana miaka kumi na mbili, yuko darasa la tano. Mama yake alifariki kwao Kisanga, akahamia hapa na baba yake, Damiano, kibarua wa matengenezo ya barabara ambaye hurudi jioni. Siku ya kwanza ilikuwa mvua, nikamwita asilowe, nikampa soda ya machungwa, kesho yake akaja tena bila mvua, ikawa desturi, anatoka shule, ananiamkia, anakaa meza ya karibu na kaunta, anafanya hesabu zake, ananisomea kitabu kwa sauti, ananiita shangazi. Damiano akija kumchukua ananishukuru. Masharti ya leseni nayajua, mtoto asikae chumba kinachouzwa pombe hata kama anakunywa soda, ofisa kutoka Kilosa alinisomea mwenyewe, nami nikajiambia soda haina kileo, kosa liko wapi, lakini ukweli, mshauri, ni kwamba saa nane ikifika nilikuwa nachungulia barabarani, na asipotokea siku inaniharibikia.

Mwezi uliopita dereva mmoja wa lori aitwaye Kondo alianza kumnunulia Paulina soda. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili alihamia mezani pa mtoto, nikamwambia, "Kondo, mwache mtoto asome." Akanijibu, "Mama, soda nayo imekuwa dhambi?" Nikanyamaza, maana ni mteja mzuri. Alhamisi moja nilikwenda uani kupokea kreti za bia, niliporudi nikamkuta Paulina ameegemea ukuta, macho yamelegea, nikainusa chupa yake, inanuka pombe kali. Kondo anacheka, eti alitaka mtoto achangamke. Nilimtoa kwa ufagio mbele ya watu, nikambeba Paulina hadi chumbani kwangu, akatapikia sare yote, nikaifua, nikaianika, nikakaa naye hadi akapata nafuu, ndipo nikafanya jambo linaloninyima usingizi. Nilimwambia, "Usimwambie baba." Akaniuliza, "Kwani nimekosa nini, shangazi?" Nikarudia tu, "Usimwambie." Damiano alipokuja nikamwambia mtoto ana homa, akanishukuru kwa kumtunza.

Tangu siku hiyo Paulina haji. Anapita upande wa pili wa barabara, akiniona anatazama chini. Nikisema, nitanyang'anywa leseni na Damiano hatanisamehe. Nikinyamaza, sina raha. Nifanye nini ili mtoto arudi?

Hildegarda, Mikumi

*

Ndugu Hildegarda, marahaba. Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe nisome.

Unaniuliza ufanye nini ili mtoto arudi. Hilo umejiulizia wewe. Paulina naye aliuliza lake, amekosa nini, na hadi leo hajajibiwa. Anapita upande wa pili wa barabara akiamini kulewa kule ni aibu yake, kwa sababu mtu mzima anayempenda alimwambia afiche.

Nakuonea huruma. Miaka mitatu ya kumngoja mtu asiyeandika ni mizito, na sikulaumu kwa kumpenda mtoto wa mwenzio. Nakulaumu kwa mahali ulipompendea. Nyumba unayo, Jumapili unayo, jiko unalo, bado ukamweka katikati ya chupa za bia ili wewe usikae peke yako. Waliokupa masharti yale hawakuwa wanaogopa soda. Walikuwa wanamwogopa mtu anayeketi meza ya pili, naye alikuja, ukamwona, ukanyamaza kwa kuwa ananunua.

Nenda kwa Damiano wiki hii. Nenda nyumbani kwake, usimngoje baa. Mweleze yote, na ule uongo wa homa usiuruke. Kisha mfuatane polisi mkamshtaki Kondo, maana barabara hiyo ina baa nyingine na watoto wengine. Mwenyekiti wa kijiji naye ajue kutoka kinywani mwako. Leseni ikienda, iende. Paulina usimwite barabarani wala usimtumie soda. Baba yake ndiye atakayesema kama utamwona. Na ndugu wa Ulimboka waandikie, ujue moja. Darasa la watu wazima halikosekani hapo kijijini, nenda ukakae na wenzio. Upweke wako utafutie dawa kwa watu wazima.

*

(Barua hii imetufikia miezi miwili baadaye.)

Mshauri, nilikwenda. Damiano alikuwa anachambua mchicha, nikasema yote nikiwa nimesimama. Alitoka nje, aliporudi akaniambia, "Kila siku nilikuwa nakushukuru." Nikamwomba ruhusa niseme na Paulina mbele yake, nikamwambia, "Hukukosa kitu. Nilikosa mimi." Mtoto alilia, nami nikalia.

Polisi tulikwenda mimi na Damiano. Kondo amekamatwa. Leseni yangu imesimamishwa, nauza chai na vitumbua mlangoni. Ndugu wa Ulimboka nimewaandikia, hawajajibu. Darasani nimekwenda mara nne.

Wiki iliyopita Paulina amepelekwa kwa bibi yake Munisagara, akasome huko. Damiano alinitumia habari ya siku ya safari, sikutegemea. Nikaenda stendi, nikasimama kando. Basi la Kilosa lilipowasha injini Paulina akatoa kichwa dirishani, akaita, "Shangazi, utakuja kunisalimia?" Nikamtazama baba yake. Damiano alikuwa anafunga mizigo juu ya basi, nina hakika alisikia. Aliendelea kukaza kamba, akashuka, akaingia, akakaa kando ya mwanawe. Basi likaondoka, nami nikabaki nimeinua mkono, maana hakuna aliyeniambia nisiende Munisagara.