Harufu ya Sanduku la Bibi

Lupiro, 11 Februari 1956

Kwa mjukuu wangu Yosefina, mke mwenzangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu mume wetu Dionisi, nalisalimu na hilo tumbo. Mimi mzima, ila goti la kushoto limekuwa adui. Nikiliambia twende shambani linaniambia tangulia. Miguu yako imevimba? Ikivimba iweke juu ya gunia la mpunga, wala usimwonee aibu mama mkwe.

Barua yako Muhidin amenisomea hapa barazani pa duka lake, na anayeandika hii ni yeye. Nimemwambia aandike maneno kama yanavyotoka, asinipambie na Kiswahili cha kwao pwani.

Unasema huli, hulali, unaogopa utazaa uzike tena. Nami naogopa, mwanangu, nisikudanganye. Yule wa kwanza alikuja mzima, akalia kama jogoo. Kisha macho yakawa ya njano kama embe bivu, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na wiki hakuimaliza. Kila Jumapili namwuliza Mungu kwa nini, hajanijibu. Basi safari hii tusimpe sababu. Mtoto huyu atalala kwenye usafi.

Nimempa Hermenegildi mvuvi furushi akuletee. Ndani mna vitambaa vya mtoto, nimevipinda mwenyewe kwa sindano, na ile mbeleko iliyombeba mama yako, ikakubeba wewe, ikarudi kwangu baada ya msiba. Vyote vimelala sandukuni tangu Krismasi pamoja na vile vidonge vyeupe vya dawa ya mende ninavyonunua hapa kwa Muhidin, kama nilivyofanya kwa yule wa kwanza. Zamani mende walitembea humo kama wako arusini. Sasa nikifungua nawakuta chali, miguu juu! Na harufu yake! Ukifunua furushi utadhani umeingia dukani. Kitukuu changu asinuke moshi na samaki kama tulivyonuka sisi.

Usivifue. Ukivifua harufu itapotea. Mfunge navyo tangu siku ya kwanza.

Ni mimi bibi yako,
Justa


Namawala, 3 Machi 1956

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Dionisi anakusalimu, anasema goti lako ulilete Namawala alikande kwa maji ya moto, maana wewe ndiye mke wake mkubwa. Mama mkwe Apolonia naye anakusalimu sana.

Furushi limefika. Ahsante, bibi. Nimeona ulivyopinda vitambaa, mshono mdogo mdogo, na macho yako yale yasiyoona vizuri. Lakini nilipofungua, harufu ilinijia usoni, nikaliachia furushi. Nikakaa chini sakafuni. Ni harufu ya mwanangu, bibi. Zile siku zote nililala nimeweka pua kichwani pake, na harufu niliyoivuta ilikuwa hiyo. Tangu siku ile furushi liko juu ya kichanja, nami nalala nimelipa mgongo.

Mama mkwe aliingia akanusa, akasema, "Hii si harufu ya nguo, hii ni dawa." Anataka tuvifue vyote kwa majani ya mpapai, tuvianike juu ya nyasi vipigwe na jua, halafu tuvikunje pamoja na majani ya mrehani na mchaichai. Nikamwambia siwezi kugusa kazi ya mikono ya bibi yangu bila kumwuliza.

Mkunga Scolastica ameahidi atakuja. Siku zimekaribia, bibi. Kila mtoto anapocheza tumboni nafurahi, kisha naogopa.

Naomba unijibu: nifue?

Mjukuu wako,
Yosefina


Lupiro, 14 Machi 1956

Kwa Yosefina,

Hujambo? Mimi sijambo, na hasira yangu nayo haijambo.

Usifue! Mwambie mkwe wetu Apolonia, kwa heshima zote, kwamba kufua kwa majani ya mpapai nilikujua kabla yeye hajaota meno. Sisi tulifua kwa maji ya majivu. Tulisuuza kwa maji ya ndimu. Tulichoma maganda ya michungwa chini ya tenga, nguo tukazitandaza juu yake, na mvua ikikaza tulivaa hivyo hivyo zinanuka uvundo. Unajua kwa nini tulifanya hayo yote? Kwa sababu hatukuwa na kitu! Nimelima mpunga wangu, nimeuuza, nimeweka kitu cha dukani kwenye nguo za kitukuu changu, halafu mtu aniambie nirudi kwenye majani?

Na huo mrehani wake, Muhidin hapa ananiambia kwao pwani wanautia kwenye sanda. Basi autie kwenye sanda yake.

(Muhidin anasema neno hili ni kali, tulifute. Nimemwambia aliache.)

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ya usafi pale nyumbani kwako, ndiyo maana unaikumbuka. Kilichomwua mtoto ni kingine. Ama ni jicho la mtu, ama ni homa za hilo bonde lenu la mbu. Wewe mfunge mtoto. Mfunge vizuri, mpaka shingoni.

Usiogope. Nikisema usiogope, ujue naogopa kwa niaba yako.

Bibi yako,
Justa


Namawala, 2 Aprili 1956

Bibi, shikamoo. Sina nafasi ya salamu.

Nimejifungua salama. Ni msichana, tumempa jina lako. Anaitwa Justa. Alinyonya siku ile ile, kwa nguvu, Dionisi akasema huyu ni bibi kabisa, hata kula anagomba.

Nilimfunga na vitambaa vyako kama ulivyosema. Juu yake nikamzungushia mbeleko.

Jana asubuhi nilimtoa mlangoni nimtazame kwenye mwanga. Macho, bibi. Macho ni ya njano. Nikasema ni jua. Nikamgeuza. Ni ya njano. Mchana akaacha kunyonya. Nilipombadilisha, kitambaa kilikuwa na doa la rangi ya chai.

Scolastica alikuja mbio. Aliinama kumsikiliza kifua, akainuka ghafla kama amechomwa. Akauliza, "Harufu hii inatoka wapi?" Nikamwonyesha. Alimvua mtoto kila kitu, akavitupa vyote nje mlangoni, mbeleko na vyote, akamfunga kwa kanga aliyoivaa yeye mwenyewe. Akasema, "Sina hakika, usininukuu. Lakini nilizalisha nyumba nyingine, mtoto akawa hivi, na nyumba ile ilinuka hivi." Kisha akaniuliza yule wa kwanza nilimfunga na nini.

Mama mkwe ndiye aliyejibu.

Dionisi anafunga baiskeli sasa hivi, tunakwenda hospitali Ifakara. Barabara ina matope hadi magotini. Mtoto halii. Nilikuwa naogopa kilio chake, sasa naogopa hivi alivyonyamaza.

Tuombee.

Yosefina


Lupiro, 9 Aprili 1956

Yosefina, Yosefina,

Barua yako ilivuka na mtumbwi wa mwisho. Sasa mto umefurika, pantoni limefungwa kwa minyororo, na Kivukoni ni maji matupu na viboko. Nilikwenda mpaka ukingoni nikawapigia wavuvi kelele wanivushe. Wakaniambia, "Bibi, utakufa." Nikasema, sawa, nifie upande wa pili. Wakanicheka, halafu waliponitazama usoni wakaacha kucheka.

Sikia. Chochote kilichotoka kwangu kisimguse mtoto. Vitambaa choma. Mbeleko choma nayo. Godoro mlilolalia, mto, shuka zilizolala karibu na lile furushi, kanga zako ulizovaa ukimnyonyesha, vyote vifuliwe. Twangeni majani ya mpapai, loweka usiku kucha. Kesho yake fueni kwa maji ya majivu, yale yaliyochujwa yakawa meupe, yasiungue ngozi. Suuza, suuza tena, kisha maji ya ndimu. Anikeni juani, juu ya nyasi, si juu ya kamba ndani ya nyumba. Na zikikauka msizikunje. Mama Apolonia anuse. Zikinuka hata kidogo zirudi kwenye maji. Zikikosa harufu kabisa, ndipo atie mrehani wake. Mwambie atie mwingi. Mwambie nimesema ndimi niliyekosa adabu.

Nilikuandikia mende wanakufa. Nilikuandikia nikicheka! Mende, Yosefina, mdudu unayemkanyaga akaondoka zake. Kitu kinachomwua huyo nikakitia kwenye nguo za kichanga, nikakuambia umfunge mpaka shingoni.

Huyu Muhidin anasema aliuza dawa ya sanduku, hakuuza dawa ya mtoto. Ni kweli. Nimemtukana hata hivyo. Ile chupa ya vidonge ameiondoa dukani akaenda kuifukia nyuma ya choo.

Kuhusu yule wa kwanza sitaki kusema. Muhidin, hilo usiliandike.

Ameliandika.

Nijibu.
Justa


Lupiro, 27 Aprili 1956

Kwa mjukuu wangu,

Salamu. Sijui namsalimu nani na nani. Nikitaja jina la mtoto naogopa, nisipolitaja naogopa zaidi.

Hakuna jibu. Mto bado. Hermenegildi alisema atajaribu kupeleka ile barua yangu iliyotangulia hii, akaifunga kwenye mfuko wa ngozi. Hajarudi. Sasa naogopa na kwa ajili yake.

Kila mtu anayetokea njia ya mtoni namtazama uso kabla hajafungua mdomo. Jana alikuja mtu kununua chumvi, amevaa nguo nyeusi, nikaanza kulia hapa barazani. Kumbe ni mtu wa Mahenge, hata hawajui ninyi.

Nimefua nyumba nzima. Nimefua hata pazia la mlango na gunia la kufutia miguu. Sanduku nimelitoa nje liko juani, halina kitu, limeachama kama mdomo. Majirani wanadhani nahama. Usiku bado nainusa ile harufu. Nanusa mikono yangu, nasema ndiyo hii, naamka kuinawa kwa ndimu. Mikono imechubuka.

Yosefina, usinionee huruma. Kama ni kaburi, niambie kaburi. Usiniandikie mstari wa salamu kwanza. Anza na hilo.

Bibi


Namawala, 20 Mei 1956

Yuko hai.

Umesema nianze na hilo, nimeanza. Shikamoo, bibi.

Barua zako zote mbili nimezikuta hapa nyumbani tuliporudi kutoka hospitali, zimelowa, wino umetembea. Hermenegildi mzima, alikwama upande huu, analalamika njaa kila nyumba anayoingia.

Siwezi kuandika safari ile. Hospitali walimtoa Dionisi damu wakamtia mtoto. Alikuwa mwepesi kama kitambaa kilichokauka. Usiku mmoja mtawa alinionyesha kwa ishara nimwite padre, akabatizwa pale pale kitandani. Nilikaa nikisubiri aache kupumua, kama alivyoacha kaka yake. Asubuhi alifungua mdomo akageuza kichwa anatafuta ziwa. Ndipo nilipolia.

Daktari nilimweleza habari ya vidonge. Alisikiliza, akaandika, akasema huenda ndivyo, huenda sivyo, lakini tusivirudishe nyumbani kamwe.

Vitambaa tulivichoma. Mbeleko sikuichoma, nisamehe. Mama mkwe aliifua kama ulivyoagiza, na kila jioni anaishika, anafumba macho, ananusa. Ikipata joto bado inatoa harufu kidogo. Iko juani. Sijathubutu kumfunga nayo.

Kuhusu kaka yake: wewe ulivitia sandukuni, mimi nilimfunga. Mikono ni minne. Usiinawe ya kwako peke yako.

Nimefunga hapa kitambaa kimoja cha wajina wako. Sijakifua. Nimekitoa chini yake leo hii, nikakifunga kwenye jani la mgomba kisikauke njiani. Kinuse.

Mjukuu wako,
Yosefina, mama Justa


Lupiro, 29 Mei 1956

Kwa mama Justa,

Nimekinusa.

Kinanuka mkojo na maziwa yaliyochacha. Muhidin aliziba pua, nikampokonya kalamu, nikamwambia hutaandika mpaka nawe unuse. Akanusa. Akasema, "Bibi, hii ni harufu ya mtoto mwenye afya." Halafu akaenda ndani akakaa huko kidogo, akarudi na macho mekundu.

Sikifui. Nitalala nacho.

Mbeleko iache palepale juani mpaka nije. Maji yakipungua navuka, goti litake lisitake. Nikifika sitaingia kwako moja kwa moja. Nitakwenda kwanza pale alipolala yule mvulana, nina maneno naye, na sitaki mtu wa kunisindikiza.

Kisha nitasimama nje ya ua wako. Nisije nikamkaribia na nguo nilizotoka nazo hapa. Nimezifua na kuzifua, lakini siiamini pua yangu tena. Mwambie mama Apolonia aniwekee maji ya kuoga, na kanga yake moja, iliyolala juu ya nyasi siku nzima. Nitaoga, nitavaa, mtanigeuza ninyi wawili, mtaninusa kichwa mpaka miguu.

Mkiridhika, ndipo mnipe.

Bibi yake,
Justa