Fadal ya Mlangoni

Mwalimu Lado,

Ibriki yako wameipeleka choo cha wakubwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka kabla ya kukasirika. Mimi sicheki. Sijacheka tangu Jumatano.

Unakumbuka tulivyoinunua soko la Jebel, ile birika nyekundu ya plastiki ya kunawia, pamoja na kipande cha sabuni. Darasani kulikuwa na waliotoka Khartoum na Kiarabu chao, na sisi tuliorudi kutoka Uganda na Kiingereza chetu kilichochanika. Ukatafuta kitu ambacho kila mtu amekishika. Uliita wanafunzi wawili mbele, mmoja ukampa ibriki, mwingine sabuni, ukawaambia wanawe mikono.

"Lete sabuni."

"Wewe lete ibriki kwanza!"

Hakuna aliyeachia. Darasa likacheka, ukasema: "Kompyuta ikiganda hivi haijaharibika. Ndani yake kazi mbili zimenyimana." Ukatoa kanuni: kila mmoja achukue ibriki kwanza, sabuni baadaye. Wakanawa.

Kesho yake ukawasimamisha wawili mlangoni. Huyu akasema "fadal", pita wewe. Yule naye "fadal". Huyu akarudi nyuma, yule akarudi nyuma. Ukasema huku ni kukwama kubaya zaidi, kwa sababu kila mtu anahangaika na hakuna anayeingia. "Dawa yake," ulisema, "ni mmoja akubali kuonekana hana adabu."

Niliandika yote. Mimi ni mtunza maabara tu, niliishia Senior Four, wala hakuna aliyeniomba nijifunze. Ila wewe uliniona na daftari ukasema, "Andika, Wani. Iko siku mtu atabisha."

Siku hiyo imefika. Aliyekuja baada ya mazishi yako anasoma makaratasi kwa sauti na wanafunzi wanaandika. Siku moja alisoma mpaka namba ya ukurasa, nao wakaiandika! Programu yake ya ubaoni niliijaribu mara ishirini, kama ulivyonizoesha, kwa kuwa kupita mara moja hakuthibitishi kitu. Iliganda mara ya tatu na ya kumi na moja. Nilimweleza taratibu, tukiwa wawili tu.

"Mashine yako ina virusi, Wani. Ipanguse vumbi."

Virusi! Na kupangusa vumbi ndiyo dawa yake!

Sasa Keji, mwanafunzi wako yule aliyekuwa akikubishia mpaka unasahau chai. Kwenye mtihani waliulizwa kazi mbili zinawezaje kukwama hali zote zinaendelea kufanya kitu. Keji akaeleza fadal ya mlangoni, akachora na mlango, kisha akaandika programu yake chini. Nimeijaribu, ni sahihi. Bwana huyu akampa sifuri kwa wino mwekundu: "Hapa hatufundishi adabu za wageni." Bila somo hili Keji hamalizi mwaka huu.

Akakata rufaa. Jumatano tukaitwa mimi na Elia, msaidizi wako, maana sisi wawili ndio wafanyakazi tuliokuwepo katika masomo yale. Mwenyekiti wa kamati ya rufaa akauliza, "Marehemu alifundisha hivi kweli?" Keji alikuwa nje kwenye benchi, chini ya dirisha lililo wazi.

Elia akanigeukia. "Fadal, Wani, wewe ndiye uliyeandika."

Nikasema, "Hapana, fadal wewe, ndiye msomi."

"Fadal."

"Fadal."

Mwalimu, naona aibu kuliandika. Elia anaogopa kandarasi yake, ambayo bwana yule ndiye anayeitia sahihi. Mimi niliogopa kuulizwa shahada yangu iko wapi. Uoga wetu tuliuvisha kanzu ya heshima. Mwenyekiti akafunga faili: hakuna shahidi, sifuri inabaki, isipokuwa mtu alete ushahidi kabla matokeo hayajabandikwa Jumatatu. Daftari lilikuwa kwapani mwangu muda wote huo.

Tulipotoka Keji hakulia. Aliinuka kwenye benchi. "Ahsanteni, wajomba. Swali lile mmelijibu vizuri kuliko mimi."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Sherikat na maneno hayo. Bwana yule ananichefua, lakini yeye hakuwahi kukuona ukifundisha. Mimi nilikuona.

Leo Jumapili nimezitia alama kurasa zote mbili, ya ibriki na ya mlango, kila moja na tarehe yake kwa mkono wangu wa siku ile. Nimechapa programu ya Keji na ya bwana yule, na matokeo ya mara ishirini kwa kila moja. Elia sikumwambia. Nikimwambia tutaanza tena.

Pumzika, Mwalimu wangu. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye mlango wa mwenyekiti, na hata nikimkuta Elia, au bwana yule mwenyewe, amesimama pale, sitasema fadal. Nitampita. Na nikitoka nitaingia choo cha wakubwa bila kubisha hodi, niichukue ibriki yako.

Wani