Mbuzi wa Programu

Jumatatu, 1 Septemba
Bei za mbuzi zimetoka kabla sijanywa chai, kama kawaida. Isiolo, Garbatulla, Ngaremara. Mfugaji anauliza kwa simu, programu niliyoitengeneza inamjibu bei ya leo, dalali anakosa pa kumdanganyia. Bure. Hata msimbo wake uko wazi, anayetaka auchukue. Lakini kompyuta ninayokodi mtandaoni inakatwa mwisho wa mwezi, na mfuko wangu umekauka. Itabidi niwaombe watumiaji wachange. Nachukia kuomba.

Jumanne, 2 Septemba
Nimewatumia wote ujumbe. Programu ni huria, haina tajiri nyuma yake, changia chochote kwa namba hii. Adabu tele. Nimejipongeza hata.

Jumatano, 3 Septemba
Kimya. Hata ndururu.

Alhamisi, 4 Septemba
Balaa. Watu wameniripoti kuwa tapeli, laini ya programu imefungwa. Soko la leo halikuwa na bei. Mzee mmoja wa Ngaremara ameuza beberu wake kwa bei ya kuku. Nimelia kwa hasira.

Ile kampuni ya Nairobi imepiga tena. Inataka kuinunua programu, iufunge msimbo, iwatoze wafugaji kwa kila swali. Siku zote nimekuwa nikikataa. Leo nimesema nitafikiria.

Jumamosi, 6 Septemba
Laini imefunguliwa, baada ya kubembeleza sana. Qabale, anayeuza mbuzi sokoni, amenisuta mbele ya watu. "Wewe Kendi, hiyo mesej nilijua ni ya wakora. Mtu akiwa na shida hatumi mesej. Anakuja, anasimama, tunamwona uso." Akanieleza busa gonofa: Mborana aliyemalizwa na ukame husimama mbele ya ukoo, aseme shida yake, nao humchangia wanyama aanze upya. Mimi Mmeru wa kompyuta ningejuaje? Nimeona haya. Ila amesema kweli. Jumatatu nitasimama sokoni.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimesimama! Katikati ya vumbi na mbuzi. Nimesema yote: gharama, Nairobi, aibu yangu. Qabale akatafsiri kwa Kiborana. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha yule mzee wa Ngaremara aliyepunjwa akavuta mbuzi jike, akanikabidhi kamba. Mwingine akafuata. Na mwingine. Muuza miraa, Mmeru mwenzangu, akatoa pesa, eti kwetu mbuzi hawatoki ovyo. Sikuwa na mikono ya kutosha kushika kamba. Programu imechangiwa mbuzi! Nimecheka kama mwehu.

Tumewauza karibu wote papo hapo, kwa bei ya programu yenyewe. Dalali hata mmoja hakuthubutu kufungua mdomo. Kompyuta imelipiwa. Nairobi nimewapigia mwenyewe: haiuzwi, haifungwi, kwaherini. Tumeshinda. Acha niandike tena: tumeshinda!

Jumapili, 14 Septemba
Kumetulia. Mbuzi wawili tumewabakiza, wako nyuma ya nyumba. Si wangu, ni wa programu. Qabale alikuja jana kunifundisha kukamua, akanicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi nimekamua peke yangu. Miaka yote hii programu imekuwa ikinila mimi. Leo imenipa maziwa ya chai. Chai hiyo nimeinywa polepole.